Maswali Yenu: Kuandika Michezo Ukiwa Bado Shuleni

Katika toleo lililopita tuliwaomba wanafunzi wa Lamu na Malindi wanaoandikia majarida na mbao za habari za shule zao watutumie maswali. Mengi yaliyofika yanahusu michezo. Hatukuyajibu kwa urefu sawa, kwa kuwa mengine yana mambo mengi na mengine yanamalizwa kwa maneno machache. Mkumbuke jambo moja mnaposoma: mechi ya shule haina kamera ya televisheni wala marudio. Tukio ambalo hukulinakili lilipotokea, huna pa kulipata tena.

*Nimepewa kazi ya kuandika habari za kandanda katika jarida la shule. Mechi ya kwanza nilirudi na matokeo na majina mawili ya wafungaji, na moja kati ya hayo nililikosea. Uwanjani mtu huandika nini hasa?*
*Kidato cha tatu, Malindi*

Kazi yako inaanza nusu saa kabla ya kipenga. Nenda kwa mwalimu wa kila timu, umwamkie, umwombe orodha ya wachezaji yenye majina kamili na namba za jezi. Ukishaipata usiiamini bado. Katika mashindano ya shule jezi huazimwa, namba hubanduka, na kijana aliyeandikwa namba 9 anaweza kuingia na 14 kwa sababu ile ya 9 ilimbana. Pitia orodha na nahodha wa kila upande wakati timu zinapasha misuli, na pembeni mwa kila jina weka alama ya kukusaidia kumtambua mchezaji kwa mbali: viatu vya kijani, mrefu, anatumia mguu wa kushoto. Makosa mengi ya majina huzaliwa hapo, na hapo ndipo pa kuyazuia.

Muulize refa kila kipindi kitachukua dakika ngapi. Kanuni inasema 45, lakini katika mashindano yanayochezwa mechi kadhaa kwa siku moja vipindi hufupishwa, na ukidhani ni 45 hesabu yako yote ya dakika itaharibika.

Simama usawa wa mstari wa katikati. Mechi za alasiri jua huwa magharibi, kwa hiyo chagua upande ambao jua litakupiga mgongoni, vinginevyo kipindi cha pili hutasoma namba hata moja. Tumia penseli ya risasi na daftari lenye jalada gumu, maana wino wa kalamu hutawanyika ukikutana na jasho au manyunyu, na risasi haitawanyiki. Gawa ukurasa safu nne: dakika, timu, namba ya jezi, tukio. Jiwekee vifupisho na usivibadilishe kutoka mechi hadi mechi: G kwa goli, P kwa penalti, K kwa kona, NJ kwa kadi ya njano, NK kwa nyekundu, M kwa mabadiliko, KO kwa kuotea, JF kwa aliyejifunga. Kwa kila goli ongeza maneno matano au sita papo hapo: “krosi kulia, kichwa, mwamba, ndani.” Jioni maneno hayo sita yatakuletea sentensi nzima. Bila hayo utaandika “alifunga goli zuri”, na msomaji hataona chochote.

Sasa saa. Bonyeza saa yako refa anapopuliza kipenga cha kuanza, na usiisimamishe mpira unapotoka. Dakika ya kwanza ni ile inayoanza sifuri na kuishia sekunde ya 59, kwa hiyo goli lililoingia saa yako ikisoma 23:10 ni goli la dakika ya 24. Wanaoanza huandika 23, kisha wanashangaa kuona hawapatani na mwenzao. Goli la muda wa nyongeza wa kipindi cha kwanza huandikwa 45+2. Ukiandika 47, msomaji ataelewa kwamba lilifungwa baada ya mapumziko. Kipindi kikiwa cha dakika 35, litakuwa 35+2, na cha pili kitaanza kuhesabiwa dakika ya 36.

Mashuti yahesabu kwa mchoro, maana maneno yatakuchelewesha. Chora goli dogo kwa kila timu, na kila shuti weka nukta pale mpira ulipopita: ndani ya mistari kama ulilenga lango, nje kama ulipaa. Mwisho wa mechi utajua kwamba timu iliyofungwa 1-0 ilipiga mashuti tisa, saba kati yake yakipita juu ya mwamba, na hapo unayo habari ambayo hata waliokuwepo hawakuiona wazi.

Kipenga cha mwisho kikilia usikimbilie kushangilia. Dakika tano za kwanza ni za kuthibitisha. Muulize refa au msaidizi wake nani amepewa goli lenye utata, na nani alipewa kadi. Wageni hawatakungoja. Timu iliyotoka Faza au Siyu, kisiwani Pate, kuja Amu, yaani Lamu, inatazama maji, na yakianza kupwa wanapanda boti na majina yao yote.

*Mwalimu anasema ripoti zangu zinasomeka kama shajara. Huanza hivi: “Siku ya Ijumaa asubuhi na mapema timu yetu pendwa ilifunga safari...” Tatizo ni nini? Nilidhani hadithi huanza mwanzo.*
*Gredi ya 10, Lamu mjini*

Hadithi ndiyo, habari hapana. Anayeshika jarida lako anataka kujua nani kamfunga nani, kwa ngapi, na kwa hiyo nini kinafuata. Safari ya asubuhi haimjibu lolote kati ya hayo.

Tuchukue mechi ya kubuni kati ya timu mbili tutakazoziita Bahari na Mwambao. Aya ya kwanza inaweza kuwa hivi: “Penalti ya dakika ya 58 iliwapa Bahari ushindi wa 2-1 dhidi ya Mwambao Ijumaa na kuwapeleka nusu fainali ya kaunti ndogo, ingawa walicheza dakika 15 za mwisho wakiwa 10 uwanjani.” Maneno hayazidi 30. Ndani yake mna matokeo, namna yalivyopatikana, siku, faida yake na ugumu uliokuwepo. Aya ya pili ieleze lile tukio kubwa kwa undani: penalti ilitokana na nini, nani aliipiga, kipa aliruka upande gani. Ya tatu irudi kwenye magoli mengine kwa mpangilio. Nukuu ya kwanza ije aya ya nne, na mwishoni uweke mechi inayofuata. Maneno 300 hadi 350 yanatosha mechi moja. Ukizidisha, jiulize kama mechi yenyewe ilikuwa na mambo ya kuzidisha.

Angalia pia vitenzi. Kiswahili cha michezo kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya ushindi, na ndiyo maana vijana huvitumia ovyo. Kucharaza na kuchabanga ni vya mabao manne kwenda juu. Timu iliyoshinda 1-0 kwa goli la kujifunga haikumcharaza mtu, iliponea. Kulaza na kubwaga vinakubali ushindi wa kawaida. Timu ikitangulia kufungwa kisha ikashinda, sema ilitoka nyuma, maana hilo ni jambo lenye uzito wake. Na usiweke vitenzi vitano tofauti katika aya moja kwa kuogopa kurudia. “Kushinda” ni neno zuri, halichakai.

“Timu yetu pendwa” iondoe kabisa. Taja jina la timu. Shabiki wa upande wa pili naye anasoma, na akiona umeandika “sisi” hataamini hata ile kadi nyekundu uliyoiona kwa macho yako. “Walicheza vizuri” nayo uiondoe mpaka uweze kusema walifanya nini: walipiga kona nane, waliwanyima wapinzani shuti hata moja kipindi cha pili.

*Jarida letu linataka habari za mashindano ya mashua wakati wa tamasha la Lamu. Nimezoea kandanda tu. Chombo kinaandikwaje, wakati ukiwa ufukweni unaona matanga tu?*
*Kidato cha nne, Shela*

Swali hili limetufurahisha kuliko yote, kwa sababu mchezo huu ni wenu, na wageni huandika kuuhusu kwa kusifia rangi ya matanga na kuzama kwa jua bila kusema nani alishinda na kwa nini. Anayeweza kuuandika kama mchezo ni kijana anayejua kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda, ni nini.

Anza na upepo na maji siku moja kabla. Tamasha la utamaduni kwa kawaida huwa Novemba, majira ya tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijakaa sawasawa. Upepo wa namna hiyo hugeuka au hufa katikati ya shindano, na mara nyingi hilo ndilo linaloamua mshindi. Andika upepo ulikuwa unatoka wapi wakati wa kuanza, na andika tena kila baada ya dakika kumi. Huhitaji kifaa: tazama bendera za ufukweni na moshi wa majiko. Kisha maji. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa na kupwa, ukikumbuka kwamba kila siku yanachelewa kama dakika 50. Uliza pia kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mkondo wa mlango kati ya Amu na Manda huwa mkali, na chombo kilichojibana ukingoni kikakwepa mkondo kinaweza kukipita kilicho bora kuliko chenyewe. Msomaji akijua hilo ataelewa nahodha alifanya nini.

Kabla ya kuanza, pita kwenye vyombo vyenyewe. Kwa kila kimoja nakili jina lililoandikwa ubavuni, jina la nahodha, idadi ya mabaharia, kijiji kinachokiwakilisha, na alama au rangi ya tanga. Hiyo alama ya tanga ndiyo jezi yako, kwa kuwa ukiwa mbali jina la ubavuni halisomeki. Uliza pia kilijengwa wapi. Watu wa Matondoni wana sifa ya uundaji vyombo, na fundi aliyekiunda anastahili kutajwa kama kocha anavyotajwa.

Njia ya shindano huzunguka maboya. Ichore kwenye daftari, maboya uyape namba, na uandike mpangilio wa vyombo kila vinapopita boya. Ukikosa mpangilio wa boya la katikati hutaweza kusema nani alimpita nani wapi, na habari yako itakuwa na mwanzo na mwisho tu. Kuwe na wawili kama mnaweza: mmoja kwenye mstari wa kumalizia, mwingine kwenye boya la mbali akiwa na darubini.

Yako mambo matatu ambayo macho ya kandanda hayayaoni. La kwanza ni kugeuza. Chombo cha tanga la pembetatu kinapobadili upande, foromali, yaani mti unaobeba tanga, hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na mabaharia wasiopatana hupoteza hapo urefu wa vyombo viwili au vitatu. Hesabu kila chombo kiligeuza mara ngapi. La pili ni uzito. Mabaharia hujipanga upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, wengine wakitoka nje juu ya ubao mrefu uliotokezwa ubavuni, na mifuko ya mchanga husogezwa kila chombo kinapobadili upande. Ukiona chombo kimelala kupita kiasi huku wenzake wamesimama, tazama nani alichelewa kuhama. La tatu ni uteuzi wa njia. Wakati wa kubisha dhidi ya upepo nahodha mmoja atakwenda upande wa Manda na mwingine upande wa mji. Andika nani alikwenda wapi, kisha baada ya shindano muulize kila mmoja kwa nini. Majibu hayo mawili ndiyo kiini cha habari yako.

Kwenye kumalizia, usisimame popote tu. Mstari wa kumalizia hupita kati ya alama mbili. Simama mahali ambapo alama hizo zinalingana machoni pako, moja nyuma ya nyingine. Ukiwa pembeni utaapa kwamba chombo cha karibu kimetangulia hata kama si kweli. Bonyeza saa kwa ncha ya mbele ya kila chombo na uandike pengo kwa sekunde. Andika vilivyoanza vingapi, vilivyomaliza vingapi, na vilivyojitoa vilijitoa kwa sababu gani: tanga limechanika, kamba imekatika, vimegongana. Kukiwa na malalamiko ya kugongana, usitangaze mshindi mpaka waamuzi waseme.

*Kila nikimhoji mchezaji anasema “tunamshukuru Mungu, tulijituma.” Na wengine huniongelesha Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Nikiandike Kiswahili cha shule?*
*Kidato cha tatu, Lamu*

Kumshukuru Mungu ni adabu, msikilize mpaka amalize. Tatizo liko kwenye swali lako. Ukiuliza “unajisikiaje?” umemwomba jibu hilohilo. Uliza kuhusu jambo moja mliloliona nyote wawili: “Dakika ya 58 kipa alisogea kushoto kabla hujapiga. Ulimwona?” Atakueleza. Uliza swali moja kwa wakati mmoja, kisha nyamaza. Ukinyamaza kidogo zaidi ya ulivyozoea, ataongeza jambo, na mara nyingi hilo la nyongeza ndilo bora. Aliyefungwa mpe dakika chache anywe maji kwanza. Kocha mwite Mwalimu, na mhoji wa timu iliyoshindwa pia, kwani yeye hueleza mechi vizuri kuliko mshindi.

Kuhusu Kiamu: kama jarida linasomwa Lamu, mnukuu alivyosema, “ndia” (njia) ibaki “ndia”. Likisomwa mbali na huko, toa maana kwa maneno yako bila alama za nukuu. Usilofaa kufanya ni kumsahihisha ndani ya alama za nukuu, kwa sababu hapo unadai alitamka maneno ambayo hakuyatamka. Na usiwanukuu wengine kwa Kiswahili sanifu kisha umwachie mmoja lahaja yake ili achekwe.

*Netiboli yetu ya wasichana ilifika kaunti, jarida likatupa mistari miwili. Wavulana waliotolewa mapema, hatua ya zoni, walipata ukurasa. Nataka kuandika netiboli lakini mhariri anasema “haina matukio”.*
*Gredi ya 10, Malindi*

Mhariri wako amekosea, na dawa yake ni kumpelekea ripoti iliyojaa matukio. Netiboli ina magoli mengi, kwa hiyo huwezi kuiandika goli kwa goli kama kandanda. Iandike kwa robo. Kanuni rasmi ni robo nne za dakika 15, shule hufupisha. Andika matokeo ya kila robo peke yake, si jumla tu. Timu iliyoongoza 12-6 ikashinda 25-24 ina habari kubwa, na habari hiyo inaonekana kwenye robo, si kwenye jumla.

Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, wanaovaa herufi GS na GA vifuani. Kwa kila mmoja weka mistari miwili: majaribio na yaliyoingia. Mfungaji aliyeingiza 28 kati ya 35 ana asilimia 80, na namba hiyo inasema zaidi ya sifa zote. Kisha hesabu mipira iliyoporwa na walinzi, GD na GK, na mipira iliyopotea kwa kushikwa zaidi ya sekunde tatu au kwa hatua za miguu. Mtazame C, mchezaji wa kati, kwa robo nzima moja bila kufuata mpira, kwa sababu ndiye anayekimbia pande zote na ndiye asiyetajwa na mtu. Wachezaji hubadilishana nafasi wakati wa mapumziko, kwa hiyo angalia herufi za vifuani upya kila robo inapoanza, la sivyo utampa GA wa robo ya tatu magoli ya mwenzake.

Ukimaliza, weka ripoti yako mezani pamoja na ile ya wavulana, zikiwa na urefu sawa, umwombe mhariri azisome zote mbili.

*Mimi ni mzazi. Picha ya binti yangu akiwa amelala chini ameumia ilibandikwa shuleni kisha ikasambazwa kwenye simu, na maelezo kwamba “amevunjika mguu”. Hakuvunjika. Wanafunzi wana haki ya kufanya hivyo?*
*Mama, Malindi*

Pole sana, Mama, na pole kwa binti. La, hawana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data binafsi za mtoto kutumiwa, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Mwandikie mwalimu mkuu ukiomba picha iondolewe na maelezo yasahihishwe mahali palepale yalipotoka.

Kwa wanafunzi: mwanzoni mwa mwaka, mwalimu mlezi wa klabu apeleke kwa wazazi fomu fupi inayouliza mambo mawili kando kando, picha kutumika ndani ya jarida na picha kuwekwa mtandaoni. Mzazi anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili. Chini ya picha andika jina, shule na mchezo. Mtaa anaokaa, namba ya simu na hali ya afya havihusiki. Mchezaji akiumia, eleza kilichoonekana: “alishika goti la kulia na kutolewa kwa machela dakika ya 40.” Kuvunjika ni neno la daktari. Na mtoto anayelia kwa maumivu, teremsha kamera.

Kwa picha za kawaida za mchezo: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka, iwe 1/500 ya sekunde au haraka zaidi, piga magoti ili wachezaji waonekane warefu mbele ya mbingu, usivute picha kwa zumu ya simu bali sogea. Pwani kioo cha kamera hupata ukungu wa chumvi. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwani ukifuta mchanga ungalipo utakikwaruza.

*Napenda bao, uvuvi na mashairi. Mwalimu anasema nikitaka kuwa mwanahabari wa michezo niache hayo nishike kandanda. Ni kweli?*
*Kidato cha tatu, Lamu*

Usiache hata kimoja. Kandanda ina waandishi wengi tayari. Anayejua bao anaweza kuandika shindano la mabarazani ambalo mwandishi wa Nairobi akiliona ataona wazee wawili na ubao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Andika namua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi, ilimalizika lini, nani alikuwa bado na nyumba yake (shimo lake kuu) wakati huo, na mtaji upi, yaani zamu ipi ya kula kete, uligeuza mchezo. Hayo matatu yanatosha kumwonyesha msomaji mchezo ulivyokwenda. Uvuvi wa mashindano nao una vipimo vyake: aina ya samaki, uzito kwa kilo, muda wa kumvuta, na kama aliachiliwa. Nguru na jodari hawapimwi kwa macho, ngoja mizani.

Mashairi yatakusaidia kuliko unavyodhani. Aliyezoea kupanga mizani nane kwa nane hutambua haraka sentensi iliyobeba maneno ya ziada, na kichwa cha habari kina nafasi finyu kama kipande cha ubeti. Ila vina viache kwenye shairi. Ripoti yenye vina humchosha msomaji kufikia aya ya pili.

Kandanda ujifunze pia, kwa sababu utaombwa.

*Niliandika kwamba rekodi ya dunia ya marathoni ni 1:59:40 ya Eliud Kipchoge. Mwalimu akaikata. Halafu nikaandika kwamba mwenzetu amekimbia mita 100 kwa sekunde 11.32, akaikata pia! Hii ya pili niliisoma mwenyewe kwenye saa.*
*Kidato cha tatu, Malindi*

Mwalimu wako yuko makini, mshukuru. Kipchoge alikimbia 1:59:40 jijini Vienna Oktoba 12, 2019, na ni kweli alikuwa binadamu wa kwanza kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa mbili. Lakini halikuwa shindano la wazi, na waongoza kasi walikuwa wakipokezana njiani, hivyo muda huo haukuingizwa kwenye rekodi. Muda wake bora ulioidhinishwa ni 2:01:09, Berlin 2022, na Kelvin Kiptum aliushusha hadi 2:00:35 Chicago mnamo Oktoba 8, 2023. Unapoandika rekodi taja daima muda, mahali, tarehe, na kama imeidhinishwa. Rekodi huvunjwa, kwa hiyo hakikisha upya siku unayochapisha.

Ile ya 11.32 ni suala jingine. Saa yako inaonyesha sehemu za mia za sekunde, lakini kidole cha mtu hakina usahihi huo. Muda wa mbio za uwanjani uliopimwa kwa kidole hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 11.32 huandikwa 11.4. Si 11.3, na si 11.40 pia, kwani sifuri hiyo humfanya msomaji adhani ulitumia mtambo wa umeme. Wapima muda wakiwa watatu, chukua wa katikati. Wakiwa wawili na hawakupatana, chukua ule wa polepole zaidi.

Bonyeza unapoona moshi wa bastola au vibao vya mwanzishaji vikigusana, usingoje mlio. Ukiwa kwenye mstari wa kumalizia mita 100 kutoka kwa mwanzishaji, mlio unakufikia ukiwa umechelewa karibu sekunde 0.3, na mkimbiaji wako atapewa muda mzuri asioustahili. Simamisha saa kiwiliwili kinapofika mstarini. Kichwa, mkono na mguu havihesabiwi. Kisha weka neno moja mbele ya muda wenyewe: “takriban”, kama ulikuwa peke yako na saa.